Niliandika Uongo Juu ya Kidole cha Mama Nestori

Nimekosa. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea najua sana, na ndiko kulikonifikisha hapa. Jina langu nalificha. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Ila kama wewe ni mtu wa Rumonge, pengine utanijua tu. Nijue basi! Ukitaka kunicheka nicheke, ukitaka kunitemea mate, mate hayo nimeyastahili.

Mimi ni seremala. Ufundi nilijifunza Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, kama wengi wetu tuliokulia kule kabla ya kurudi Burundi. Natengeneza vitanda na milango, lakini kazi iliyonipa jina ni vichanja, zile meza ndefu za miti na waya ambazo akina mama wa ziwani wanaanikia ndagala, hao dagaa wetu, ili wasikaukie mchangani. Ukila ndagala wasio na mchanga, usiniambie asante. Subiri kwanza usikie niliyoyafanya.

Miti nilikuwa nachukua kwa Mama Nestori, mjane wa kule Bugarama, mlimani. Yeye na marehemu mumewe walipanda mikaratusi mwaka ule waliporudi kutoka uhamishoni, na mume alipofariki, miti ikabaki ndiyo shamba lake, ndiyo benki yake. Mara ngapi nilipanda mlima kwenda kwake mfukoni sina kitu! Naye anasema tu, "Beba miti, mwanangu. Franga utaleta ukipata."

Na kila mara nilipeleka, jamani. Miaka yote hiyo nilikuwa mwaminifu kwake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa huku kwetu muuza miti hana kitabu cha risiti. Mnunuzi ndiye anayekibeba kitabu, anaandika mwenyewe miti mingapi na bei gani, muuzaji anatia sahihi. Mama Nestori hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo anaweka kidole. Nilikuwa napanda na kikopo cha wino wa mihuri, anachovya kidole gumba, anabonyeza, halafu anakifuta kwenye jani la mgomba.

Siku moja nilifika nimechoka, njia imeharibika kwa mvua. Akanihurumia. Akasema, "Wewe unapoteza siku muzima kwa ajili ya kidole tu. Lete hiyo kitabu nikuwekee vidole mingi. Ukitaka miti, tuma dereva. Wewe utaandika kule kule chini."

Akaweka vidole kumi. Kurasa kumi tupu, kila moja na kidole chake chini kwenye kona. Nilicheka nikamwambia, "Mama, unaniamini hivyo?" Akanijibu, "Nisipokuamini wewe, nitaamini nani?" Nikashuka mlima kifua mbele.

Mwaka huo nilitumia kurasa mbili tu. Lori mbili za miti, nimechukua, nimelipa, nimeandika sawasawa. Zikabaki nane.

Ndipo ikaja ile kazi kubwa. Mradi mmoja unaowasaidia akina mama wa ndagala ukaniagiza vichanja vingi sana kwa ajili ya ufukwe wa Gatete. Sijawahi kupata kazi kama ile. Nikaajiri mafundi wawili, nikanunua waya na misumari, nikakodi lori. Kabla ya Noeli vichanja vilikuwa vimesimama pale ufukweni, nikawapa fakitire yangu, karatasi ya kudai malipo, wakaigonga muhuri kwamba kazi imepokelewa. Nikaanza kungoja pesa.

Nikangoja. Mwezi wa kwanza, kontabule, mhasibu wa mradi, akaniambia, "Pesa zitatoka Bujumbura wiki ijayo." Mwezi wa pili, wiki ijayo. Nikawa nampigia simu mpaka nikaona haya mwenyewe. Mafundi wangu walitaka chao, nikawalipa kwa kukopa. Nyumbani tukawa tunakula mihogo na ndagala wa kupewa, mimi niliyewajengea watu vichanja vya ndagala!

Mwezi wa tatu ukafika, mwezi wa kupeleka tangazo la mapato kwenye ofisi ya kodi. Na mimi nilijua, maana mwaka uliotangulia nilielezwa pale pale ofisini: ukishatoa fakitire, hayo ni mapato ya mwaka ulioitoa, uwe umelipwa au bado. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi nilikuwa tajiri. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa karakana na shilingi za Tanzania zilizopitwa na wakati.

Nikasema, si nina matumizi? Waya, misumari, lori, mafundi, vyote hivyo vinaondolewa kwenye hesabu. Nikatafuta karatasi zake. Ndugu yangu, sikuwa na hata moja! Lori nililipa mkononi. Mafundi nao mkononi. Fakitire ya waya nakumbuka vizuri ilikokwenda, maana ni mimi mwenyewe niliyempa mke wangu awashie mbabura, jiko letu la makaa, siku makaa yalipokuwa mabichi. Na pesa ya kazi na ya nyumbani nilikuwa naiweka katika mfuko mmoja wa suruali, leo natoa misumari, kesho mchango wa harusi ya jirani. Nani angejua kipi ni kipi?

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu mwenye akili angekwenda ofisini akasema, sijalipwa, karatasi nimepoteza, nisaidieni. Mimi niliona aibu. Fundi mzima, mwenye wateja wa miradi, niende nikasimame mlangoni kama mwombaji? Sikwenda.

Nikafungua kitabu cha Mama Nestori.

Nilikaa karakanani, mchana kweupe, mafundi wakinipigia misumari pembeni, nikaandika. Lori moja ya miti. Lori moja ya miti. Lori moja ya miti. Nilibadilisha kalamu mara mbili ili isionekane nimeandika siku moja. Eti nina akili! Nilijaza kurasa saba juu ya vidole saba alivyoniwekea kwa huruma. Ukurasa wa kumi niliuacha, nikijiambia kwamba lori tisa zinatosha, mtu asizidishe tamaa. Mwizi naye anajiona ana kiasi.

Risiti zikaambatishwa, tangazo likapita. Kodi niliyolipa ilikuwa ndogo, nikaikopa kwa shemeji. Mwezi wa sita pesa za mradi zikatoka, zote kwa pamoja. Nikalipa madeni, nikanunua mashine ya randa ya umeme ambayo nilikuwa naiota tangu kambini. Nikasahau, kweli kabisa, nikasahau.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Nestori akaingia karakanani kwangu, amejifunga kitenge cha kanisani, anachechemea. Ana goti bovu. Alikuwa ameshuka kwa basi na karatasi imekunjwa mkononi.

"Amahoro, mwanangu," akasema. "Baliniletea hii. Mwalimu amenisomea, anasema naitwa ofisi ya kodi. Mi sijue mambo ya ofisi. Wewe unajua. Nisindikize."

Alikuja kwangu, jamani! Katika mji mzima wa Rumonge alikuja kwangu mimi nimsaidie!

Nilipoiona ile karatasi nilijua. Ofisi ilikuwa imesoma risiti zangu, ikaona kuna mtu wa Bugarama ameuza lori tisa za miti kwa mwaka mmoja na hajawahi kutangaza chochote. Ningeweza kumwambia pale pale, kabla hatujatoka mlangoni. Badala yake nilichukua koti langu, nikamsindikiza.

Ofisa alikuwa mama mmoja mpole, wala hakutupandishia sauti. Alitukaribisha viti viwili, tukakaa bega kwa bega. Akafungua faili, akamgeuzia Mama Nestori zile karatasi.

"Mama, hizi vidole ni zako?"

"Ego, ni zangu."

"Mwaka ule uliuzia huyu bwana lori tisa za miti?"

Mama Nestori akanigeukia, akatabasamu kidogo. "Mi sijue kuhesabu malori. Huyu njo anajua. Kama ameandika tisa, basi iko tisa. Huyu hawezi kunidanganya, naapa mbele ya Mungu."

Ofisa akanitazama mimi. "Iko vile, bwana?"

Nikasema, "Ego."

Neno moja tu, ndiyo ya kwetu. Nimelisema mara elfu katika maisha yangu, sokoni, kanisani, siku ya ndoa yangu. Tangu siku hiyo nikilitamka mdomo wangu unakuwa mchungu.

Mama Nestori akapigiwa hesabu ya kodi, ya mtu aliyeuza lori tisa. Akapewa muda wa kulipa. Aliuliza kama muda huo unafika mavuno ya maharage, akaambiwa haufiki. Akashukuru, murakoze, akaikunja karatasi, tukatoka.

Njiani kuelekea kituo cha basi alitembea akichechemea, halafu akasema, "Kumbe niliuza mingi vile? Na franga zake zilienda wapi? Visiki viko vingi kule, mi sivihesabu. Nimezeeka, mwanangu. Nimeanza kusahau."

Mungu wangu! Nilimfanya mwanamke mwenye akili timamu aishuku akili yake. Nami nilifanya nini? Nilimnunulia fanta na mkate, nikamlipia basi. Akanibariki.

Sasa nikueleze kuhusu miti fulani. Kwenye mpaka wa shamba lake kulikuwa na safu moja ambayo Mama Nestori hakuwa anaiuza kwa bei yoyote. Niliwahi kuitaka, akakataa akicheka. Ilikuwa ya Nestori, mwanawe wa pekee, ambaye alishachumbia na familia ya msichana ilikuwa inangoja awe na nyumba. Safu ile ndiyo ingekuwa paa la Nestori. Ilibaki miaka kama miwili ikomae.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimesimama barabarani lori likapita, limebeba miti myembamba, mibichi, inakwenda kuchomea matofali. Seremala anajua miti kama unavyojua sura za watoto wako. Mti ulionyooka vile unatoka shamba moja tu. Dereva alikuwa yule yule ninayemtuma siku zote, akasimama kunisalimu.

"Mama Nestori ameuza ile ya mupaka," akaniambia. "Ya kuni tu, bei ya kutupa. Anasema iko na deni ya serikali. Alafu amekutumia hii. Anasema murakoze kwa kumusindikiza."

Akanipa kuku. Jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

Ungesema hapo nitalia, nitakimbilia mlimani. Hapana. Nilimpeleka jogoo nyumbani, nikamwambia mke wangu ametoka kwa mteja. Jumapili baada ya misa akampika kwa mawese, na ugali wa muhogo, akaniwekea paja. Nikalitia mdomoni. Halikupita. Nilitafuna, nikatafuna, machozi yakaanza kunitoka mezani mbele ya watoto.

Mke wangu akawatoa watoto nje. "Papa Keza, kuku huyu wa nani?"

Nikamwambia yote. Vidole, kurasa saba, ofisi, ile ego yangu, safu ya Nestori. Alinisikiliza ameshika mwiko.

"Yebaba we!" akasema. "Umekula kuku ya mutu mwenye uliharibia nyumba?"

"Sijameza."

"Umekula!" Akaifunika sufuria. "Kesho utaenda pale ofisi useme. Usipoenda wewe, nitaenda mimi, na mi nitasema mpaka na jina ya baba yako."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jumatatu nikaenda nikavua. Nilikaa kwenye kiti kile kile, cha pembeni yangu kikiwa kitupu, nikamwambia yule ofisa kwamba lori saba kati ya tisa hazikuwahi kuwepo. Alizipanga zile risiti mbele yake. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Ile kazi ya mradi, wewe hukutumia kitu?"

Nikamtajia waya, lori, mafundi. Akanituma nikatafute. Na ndugu yangu, sikiliza aibu ilivyo na mikono mirefu: muuza waya alikuwa na nakala ya fakitire yangu dukani kwake, muda wote huo! Dereva alikubali kuniandikia na kutia sahihi, mafundi vilevile. Siku tatu tu za kuzunguka mjini kwa miguu. Ofisa akapiga hesabu upya kwa matumizi ya kweli. Kodi niliyopaswa kulipa ilizidi kidogo sana ile niliyolipa kwa uongo, tofauti yake haikufika bei ya lori moja ya miti.

"Na ungekuja mwezi wa tatu na karatasi ya mradi kwamba bado hawajakulipa," akaniambia, "tungekupangia ulipe pole pole. Bantu banakuja hapa kila siku kwa jambo hilo."

Kila siku! Na mimi nilidhani ni aibu yangu peke yangu.

Faini ilikuwa kubwa, ya haki. Mashine ya randa niliiuza. Mafundi nimewaachisha, nimerudia randa ya mkono, mabega yananikumbusha kila jioni. Hayo ni madogo. Deni la Mama Nestori lilifutwa, maana lori mbili peke yake hazifikii kiwango cha kodi, lakini alikuwa ameshalipa, na pesa kurudi kuna safari ndefu. Sasa yeye ndiye anayeambiwa zitatoka Bujumbura wiki ijayo.

Nilipanda Bugarama siku hiyo hiyo deni lilipofutwa. Nilimkuta anapura maharage uani. Nikapiga magoti kwenye maganda, nikamwambia kila kitu, na nikamwambia kwamba kichwa chake ni kizima, hakusahau chochote. Nilitamani anipige na ule mti wa kupuria. Aliuweka chini taratibu.

"Kwa hiyo sikuzeeka," akasema.

"Hapana, mama."

Akatazama kule mpakani, palipobaki visiki. Akasema, "Kuandika uongo, sawa, shida inafundisha mutu mambo mingi. Lakini mi niliapa. Niliapa kwa ajili yako, na wewe ulikuwa umekaa hapa." Akajigusa begani, pale lilipokuwa limegusana na bega langu. "Hapa."

Nikainama nikaanza kuokota maharage yaliyotawanyika.

Akauliza kama kitabu ninacho. Nilikuwa nacho, na ukurasa wa kumi bado mtupu. Akakichukua, akaingia ndani, akakifungia kwenye sanduku anamoweka karatasi za shamba lake. Hakuuchana ule ukurasa. Sijui kwa nini, na sina haki ya kuuliza.

Nestori hajaoa. Nimeahidi milango na madirisha bila malipo, na miti ya paa nalipia kidogo kidogo kwa watu wengine. Yeye hanisalimu. Ninamwelewa.

Wewe unayefanya kazi yako mwenyewe, fundi, mshonaji, muuza mawese, nakuomba. Kila karatasi ya kazi, hata ya misumari, iweke kwenye kopo. Pesa ya kazi itenge na ya ugali. Na kama mteja amekuchelewesha, nenda ukaseme ukiwa bado huna kosa. Aibu ya kusimama mlangoni mwa ofisi ni ya asubuhi moja, saa sita umeshakula na kusahau. Hii niliyoichagua mimi sioni mwisho wake. Na mtu akikuamini mpaka akakuwekea kidole kwenye karatasi tupu, mrudishie karatasi yake siku hiyo hiyo, kabla shida haijakujaribu!

Miti bado naichukua kwake. Ndiyo, ananiuzia, bei ya watu wote, na ni mimi ninayepanda, simtumi dereva. Nikishaandika, nikimwekea kikopo cha wino mbele yake, hachovyi. Anasema kwa upole, "Ngojea mwalimu atoke shule, atanisomea." Mwalimu ni jirani yake, anatoka saa saba na nusu. Basi nangoja. Uani kwake kuna kiti kimoja tu, na amekikalia yeye. Mimi naenda mpakani, nakaa kwenye kisiki cha mti wa Nestori.